Naomba ushauri: injini ikizima juu ya Ghuba ya Ungwana

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Juzi tukitoka Malindi kwenda Manda na Cessna 172, futi 3,000 juu ya maji, injini ikaanza kukohoa. Mwalimu akaweka mwendo wa kilomita 120 kwa saa, akavuta kishikio kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, yaani sehemu ya injini inayochanganya hewa na mafuta. Ikatetemeka zaidi, nami nimeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili, kisha ikatulia. Kumbe barafu hushika kabureta hata kwenye joto letu la pwani, hewa ikiwa na unyevu.

Tangu hapo silali vizuri. Najua mpangilio: kwanza irushe ndege, chagua pa kutua, ndipo uite Mayday (wito wa dharura) redioni na kuweka 7700, namba ya dharura inayoonekana kwenye rada. Lakini ingezima kabisa? Bila upepo, kutoka futi 3,000 ingeteleza kama kilomita 8 tu. Maji yakijaa ufuo huwa mwembamba, na huko delta ya Tana ni mikoko na matope. Je, nitue majini karibu na mashua za wavuvi? Na jaketi la kuokolea, nisilijaze hewa kabisa mpaka nitoke nje? Mliowahi kupitia haya, nielekezeni tafadhali.