Unguja na mama mwenye goti bovu na watoto wawili: tule wapi, twende wapi?

MamaWawili_Dom

Habari za jioni wapendwa. Watoto wakishafunga shule, mwisho wa Juni nawapeleka Unguja pamoja na mama yangu. Dodoma hadi Dar tunashuka na treni, tunalala kwa dada, Alhamisi asubuhi tunapanda boti. Kurudi ni Jumatatu jioni.

Mama hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Goti linamsumbua, ana presha, na majini haingii zaidi ya kifundo cha mguu, kashasema. Wanangu (11 na 7) wao wanataka kuogelea kutwa nzima, chakula baadaye. Nimepitia orodha za mahoteli mpaka macho yananiuma, kila hoteli ni "pepo ya duniani". Sijalipia kitu bado.

Naomba msaada: tule wapi bila kumaliza pesa siku ya kwanza? Tulale mjini au ufukweni? Na watoto wameona picha ya ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe katikati ya maji, hawalali. Mama naye kasikia habari za pomboo wa Kizimkazi. Asanteni.

Mtoto_wa_Temeke

Bustani ya Forodhani usiku, dada. Pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, umemaliza. Mengine mtayaona hukohuko.

Bi_Mandazi

Karibuni sana mwanangu. Mimi nnakaanga mandazi na vitumbua hapa Mwembetanga, wageni wanapita mbele ya karai langu kila asubuhi na malalamiko yao nnayasikia yote.

Hizo orodha za mahoteli zifunge kwanza. Tazama mwezi wa angani. Nimehesabu, siku mnayofika ni mwezi kumi na tatu kwa kalenda ya Kiislamu, Jumamosi ni kumi na tano. Basi mmeangukia bamvu. Bamvu ni maji makubwa, yanajaa sana na yanapwa sana, baina ya kujaa na kupwa ni mita nne hivi. Na hapa kwetu bamvu lina saa zake: asubuhi saa nne, saa tano bahari imekauka, saa kumi jioni imejaa mpaka ukutani. Yakija maji mafu, siku saba nane baadaye, inakuwa kinyume, asubuhi ndiyo yamejaa, na kupwa kwake ni kudogo.

Hili wageni hawaambiwi. Mtu analipia chumba Jambiani au Paje, anaamka na taulo begani, anafungua mlango, bahari haipo. Imerudi nyuma huko kwenye mwamba, unaona mchanga na majani tu. Anakasirika, anakwenda kugombana na mapokezi. Mapokezi watafanya nini na mwezi?

Wewe lakini bamvu linakufaa, kwa sababu ya mama. Laleni mjini Alhamisi. Ijumaa asubuhi ingieni gari namba 309, ya Jambiani, mkae mpaka Jumapili. Asubuhi maji yakipwa, mama atatembea juu ya mchanga mgumu, tambarare, hakuna wimbi, maji ni ya vidimbwi tu. Avae viatu vya kufunga, na watoto pia, kuna miiba. Huko nje atawakuta wanawake wenzake kwenye mashamba ya mwani, wamechomeka vijiti na kamba, wanafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo. Bamvu ndiyo siku zao za kazi, maji mafu mashamba hayafikiki vizuri. Asalimie, akae nao, mama wa Dodoma na mama wa Jambiani watazungumza mpaka maji yawarudishe. Picha aombe kwanza. Halafu saa tisa maji yanaingia, ndiyo zamu ya watoto mpaka magharibi.

Ingekuwa ni maji ya saa zote mnayoyataka, ningekwambia Kendwa, kule kaskazini bahari haikimbii. Ila kuna muziki mpaka usiku, na bei zake mtu anaziona akiwa ameshakaa mezani.

Sasa kula. Hapa pia mwezi unaamuru. Bamvu ndiyo siku za pweza, kwa sababu mwamba unakuwa wazi na watu wanamtafuta kwa miguu, na fimbo mkononi. Kwa hiyo mkiwa Jambiani ulizeni mwenye nyumba nani anapika pweza wa nazi kijijini, mwagizeni asubuhi mle mchana. Msifike saa saba mkadai apikwe hapohapo: pweza asiyepondwa na kuchemshwa taratibu ni kama kutafuna kandambili. Dagaa wabichi msiwategemee wiki hiyo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika. Ukiletewa dagaa "wa leo" mwezi kumi na tano, uliza wa leo ipi.

Mjini chakula kina saa, na anayekosea saa anakula baridi. Asubuhi mpaka saa tatu ni chai, mandazi, chapati na mbaazi za nazi, wengine supu. Mtakula vibarazani Ng'ambo, mvuke Barabara ya Darajani mje huku, siyo ndani ya Mji Mkongwe kwenye mahoteli. Mchana ni wali: Lukmaan pale Mkunazini panajulikana, chakula unakiona kwa macho unachagua, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, na mama aseme mapema hataki chumvi nyingi, apewe samaki wa kuchoma. Urojo, ule mchuzi wetu mzito wa viazi na bajia, ni wa alasiri. Bakuli moja mnaweza kuonja wawili, ule ukali wa embe na ndimu si wa kila tumbo, mwambie muuzaji pilipili aweke mbali. Mtoto wa miaka saba mpe viazi na bajia za ndani, atashiba.

Forodhani sasa. Kijana wa Temeke hajasema uongo, ila kasema nusu. Nendeni saa kumi na moja, msisubiri usiku. Bamvu maji yanakuwa yamejaa ukutani na vijana wanaruka makachu, wanakimbia wanajirusha baharini kwa mbwembwe, watoto wako watasahau hata simu. Hilo halilipiwi. Meza za samaki zikiwashwa taa, kuleni pizza, mkate unaopikwa mbele yako, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Ile mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa vizuri mezani, mimi siigusi: sijui imelala hapo tangu lini, na kuipasha moto mara ya pili hakuirudishi ujana. Na bei mtaje kabla hajaweka jikoni, siyo baada.

Ule mkahawa wa juu ya jiwe, Michamvi Pingwe: maji yakipwa mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa na mashua. Ngazi zake ni za mbao na zimesimama, goti la mama halitazipenda, na bei si ya familia. Tazameni kutoka ufukweni, pigeni picha, rudini.

Nahodha_Kusini

Bi Mandazi shikamoo. Umesema yote, mimi naongeza la pomboo kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Dada, Kizimkazi inategemea nahodha. Wapo wanaofukuza. Wanaona pezi moja, mashua zote zinageuka, injini zinanguruma, mgeni anasukumwa aruke majini juu ya mgongo wa mnyama. Pomboo wakifanyiwa hivyo wanazama na kuhama, na sisi tunaoishi kwa ajili yao tunaharibikiwa. Muulize nahodha kabla ya kulipa: ukiwaona unazima mashine? Akicheka, tafuta mwingine. Na Juni ni kusi linavuma, bahari ya kusini ina mawimbi. Ondokeni alfajiri kabla upepo haujaamka, ikishafika saa tatu mama ataumwa na kichefuchefu badala ya kuona kitu.

Kwa ushauri wangu wa haki, mama asipande mashua. Mlete Dimbani, hapo hapo Kizimkazi, auone msikiti wa kale. Ndani kibla kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Unasimama hapo unafikiri watu walikuwa wanaswali na kusafirisha mizigo na pepo hizihizi. Vaeni kwa stara, vueni viatu, mtunzaji mpeni chochote.

Bi_Mandazi

Marahaba mwanangu. Angalau nahodha mmoja kasema ukweli hadharani.

Njiani kwenda Jambiani msiipite Jozani. Ndiyo hifadhi pekee ya taifa tuliyo nayo visiwani tangu 2004, na kima punju wamo hapo, wekundu mgongoni, kisiwa hiki ndiyo kwao, nje ya Zanzibar huwaoni porini. Njia ni fupi na tambarare, na kwenye mikoko kuna daraja la mbao, goti litaweza. Watoto wasiwape chakula na wasiwaguse. Wale kima wanakula hata makaa ya jikoni kwa watu, wenyewe wameshajua la kufanya na matumbo yao.

Mlipakodi_Mbeya

Nyongeza ndogo: beba kitambulisho cha NIDA, usibebe picha yake kwenye simu tu. Viingilio vingi vina bei ya mgeni na bei ya Mtanzania, na tofauti yake ni chakula cha mchana cha watu wanne. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia. Pesa taslimu chukueni mjini, kijijini mashine ya benki ni bahati.

Mtoto_wa_Temeke

Hahaha, Bi Mandazi kanipiga na kandambili la pweza. Lakini kisiwa cha Changuu hujakisema bibi! Kobe wakubwa vile, watoto watakuombea dua.

Bi_Mandazi

Sikuisahau, nilimfikiria mama. Kobe ni wazuri, wa asili ya Aldabra, wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Tabu ni kupanda mashua pale ufukweni Shangani, mara nyingi unaingia maji ya goti ndiyo ushike ubao ujivute. Basi Jumatatu asubuhi watoto waende na mama yao, bibi abaki mjini. Atafanya nini? Ataingia soko la Darajani kununua karafuu, mdalasini na hiliki za kurudi nazo, hizo hazipwi wala hazijai. Akichoka akae barazani. Kahawa ya pale kijiweni Jaws Corner ni tamu kwa kashata lakini ni kali, na presha yake nnaihurumia, achukue kashata aache kikombe.

MamaWawili_Dom

Shikamooni wote wakubwa. Bi Mandazi, nimemsomea mama maneno yako kwa sauti, akanikatiza kwenye mwani: "Hao wanawake wanalipwa shilingi ngapi?" Sasa anataka kwenda kwa ajili ya hilo kuliko pomboo. Pomboo tumefuta. Jiwe tutalitazama kwa mbali, watoto wamenuna kidogo wakaambiwa habari za makachu wakanyamaza.

Nimepata nyumba ya wageni Jambiani yenye vyumba viwili, mwenyewe ni mama wa makamo, na nilipomuuliza kama anapika pweza alijibu "mwezi ngapi mnakuja?" Nikajua nimefika.

Limebaki moja. Mimi mwenyewe boti naiogopa, na mama zaidi. Mwendo ule wa saa mbili baharini, na mmesema kusi linavuma. Tunakaa wapi? Na mavazi, mama anavaa kitenge na blauzi ya mikono mifupi, ni sawa?

Bi_Mandazi

Kitenge ni sawa kabisa, ajitupie mtandio mabegani akiwa mjini na vijijini. Wewe na watoto nguo za kuogelea ni za ufukweni tu, mkipanda barabarani mjifunge kanga.

Boti chukueni ya asubuhi ya kwanza, upepo bado mdogo. Msikimbilie juu wala mbele hata kama kuna hewa na mandhari, huko ndiko inakorusha. Mama akae chini, nyuma, karibu na katikati, atazame nje mbali na siyo simu. Ale kitu kikavu kabla, mkate au muhogo, chai ya maziwa aiache mpaka ashuke. Awe na kipande cha tangawizi mkononi atafune kidogokidogo. Kidonge cha presha anywe saa yake ileile, asiahirishe kwa hofu ya kutapika.

Mkishuka bandarini Malindi kuna vijana watawapokea mizigo bila kuulizwa, waambie "ahsante, tunapokewa" na mtembee. Mama akishindwa kutembea chukueni teksi mpaka mlangoni, bei mkubaliane kabla hajafungua buti.

Nahodha_Kusini

Na Jumatatu mfike bandarini saa nzima kabla. Bamvu la jioni maji yamejaa, daraja la kupandia linakaa karibu usawa na boti, goti la mama halitateremka sana. Hilo nalo mwezi umewapangia.