Beijing–Shanghai: ndege au treni ya kasi, kipi kinawahisha?

Mzigo_Mwepesi: Wakuu, naomba ulinganisho. Kila nikibadili uwanja wa ndege, ramani inanipa umbali mwingine. Upi sahihi? Na nikipanda ndege nitaiacha treni kwa muda gani?

Rubani_wa_Ramani: Yote sahihi mkuu, kila mji una viwanja viwili: Beijing ina Capital na Daxing, Shanghai ina Hongqiao na Pudong. Kwa mstari mnyoofu, Capital hadi Hongqiao ni kama kilomita 1,075, Capital hadi Pudong 1,100, Daxing hadi Hongqiao 1,025. Angani tofauti hiyo ni dakika tano au sita tu, kwa hiyo usihangaike na kilomita.

Tiketi itaandika muda wa safari wa saa 2 na dakika 10 hadi 20. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa ungetegemea saa 1 na dakika 20. Muda unaobaki unaliwa na foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, na njia zinazopinda, maana sehemu kubwa ya anga ya China iko mikononi mwa jeshi. Julai na Agosti ongeza radi: ndege moja ikichelewa asubuhi, safari zake zote za siku hiyo zinasogea.

Abiria_wa_G: Reli ni kilomita 1,318, imefunguliwa Juni 2011, na tangu Septemba 2017 treni zinakimbia kilomita 350 kwa saa. Wengi wanakosea hapa: wanakata tiketi ya G (treni ya kasi) yoyote. Inayosimama vituo vichache inafika kwa saa 4 na nusu hivi, ya haraka kabisa saa 4 na dakika 18. Inayosimama kila mahali inakaribia saa 6. Soma muda wa kufika kabla ya kulipa. Panda kituo cha Beijing South, shuka kituo cha treni cha Shanghai Hongqiao.

Tiketi ni pasipoti yako. Geti la mashine likikataa kuisoma, nenda lenye mhudumu, na usisubiri dakika ya mwisho, geti hufungwa kabla treni haijaondoka.

Bi_Ratiba: Hesabu mlango kwa mlango, ndugu zangu. Ndege: saa 1 kwenda uwanjani, saa 1 na nusu ya kaunta na ukaguzi, 2:15 safari, nusu saa ya begi, saa 1 kuingia mjini. Jumla 6:15. Treni: dakika 40, dakika 45 kituoni, 4:30 njiani, dakika 40. Jumla 6:35. Kwa dakika 20, mimi nasema treni.

Rubani_wa_Ramani: Nakubali, ila ukiwa na begi la mkononi tu na ukatua Hongqiao, ndege inashinda wazi.

Mzigo_Mwepesi: Na nikiwa naunganisha ndege ya kimataifa Pudong?

Bi_Ratiba: Hapo ruka moja kwa moja hadi Pudong. Kutoka Hongqiao, metro namba 2 inavuka mji mzima, karibu saa 1 na nusu. Na kagua pawabenki: tangu 28 Juni 2025, isiyo na alama ya 3C (cheti cha usalama wa bidhaa cha China) hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China, inabaki kwenye ukaguzi.