Kope za moja moja, za vishada au za ukanda: nichukue zipi?

Neema_K: Habari zenu wapendwa. Nataka kubandika kope nimekwama kuchagua. Fundi mmoja ana za moja moja, yani kila ukope wa bandia unabandikwa kwenye ukope wako mmoja, anasema kazi yake inachukua kama masaa mawili, mwingine ana za vishada, kope kadhaa zimefungwa pamoja, anamaliza fasta, shoga yangu ye ananiambia nivae tu za ukanda, zile za mstari mzima, jioni nazitoa. Alafu nasikia hizo za kukaa muda mrefu hutakiwi kugusisha maji na zikitoka unabaki huna kope kabisa. Kesho kutwa natakiwa kulipa.

BiMkubwa: Mbona hujasema unazitaka za siku moja au za mwezi? Unavaa lenzi za machoni? Ushawahi kupata mzio? Tutakushauri vipi hivyo.

Sauda22: Moja moja tu, usiumize kichwa. Mwaka wa pili huu navaa na uso naosha kila siku.

fundi_kope: Hii ndo kazi yangu kwahiyo niseme. Hilo la maji ndo linaniletea wateja wenye macho mekundu. Siku ya kwanza wengi tunashauri usiloweshe, baada ya hapo osha kila siku kwa povu lisilo na mafuta na brashi laini, usitumie pamba maana nyuzi zinanasa. Usipoosha, mafuta ya ngozi na wanja vinaganda kwenye mizizi mpaka kingo za macho zinavimba. Na kudondoka, kope za asili zinadondoka kila siku hata kama hujabandika kitu, ila sasa unaziona kwasababu ni ndefu na nyeusi, ndo maana tunafanya refili, yani kujazia zilizodondoka, kila wiki 2 mpaka 3. Kinachoharibu ni uzito kupita kiasi, gundi kushikanisha kope jirani, na kuzing'oa kwa mkono.

Mwanaidi_M: Hapo kwenye kushikanisha naomba mnisikilize. Mi nilibandika vishada, vile vimefungwa fundo chini, kila kimoja kimeshika kope zangu tatu nne kwa pamoja na gundi imejaa, siku ya kwanza nilipendeza sana kila mtu ananisifia. Wiki ya pili vikaanza kupinda na kuvuta, maana kila ukope unakua kwa wakati wake, huu unataka kudondoka ule bado mchanga lakini vyote vimefungwa pamoja, nikilala ubavu nasikia maumivu. Na kuosha nilikuwa naogopa, niliambiwa zitatoka. Usiku mmoja muwasho ukanizidi nikavuta kwa vidole, kikatoka kishada na kope zangu zote zilizokuwa ndani, nikalia. Pengo lile lilichukua kama miezi miwili kujaa. Ningerudi kwa fundi atoe kwa dawa yake yasingenikuta.

Sauda22: Pole sana mama.

Zuhura_T: Pole. Pengo unapaka mafuta ya nyonyo usiku, linajaa upesi.

fundi_kope: Zuhura, kwa mwenye kope za gundi hapana, mafuta yanalegeza gundi. Na kwamba nyonyo inaotesha kope mi sijaona ushahidi, za Mwanaidi zilijaa kwasababu mzizi ulikuwa mzima.

Zuhura_T: Mama yangu kapaka miaka yote na kope anazo nzito. Huo si ushahidi?

BiMkubwa: Labda kazaliwa nazo. Neema hujajibu maswali.

Neema_K: Samahanini, nilikuwa kazini. Ni sherehe ya siku mbili. Lenzi navaa. Mzio sina, ila gundi ya kucha za kubandika iliwahi kunitoa vipele vidoleni.

fundi_kope: Dada hiyo ulitakiwa uiseme mwanzo!! Gundi ya kucha na ya kope nyingi ni familia moja, sayanoakrileti. Usikubali kubandikwa kabla ya kujaribiwa kope chache usubiri siku moja mbili, na ukivimba safari hii muone daktari wa macho. Wakikwambia wana gundi ya wenye macho laini yanayosumbuka haraka, hiyo mvuke wake tu ndo mdogo, mzio inaweza kuleta vilevile.

BiMkubwa: Kwa siku mbili mi naona ukanda unatosha. Soma kwanza gundi yake, nyingine zina lateksi, ule utomvu wa mpira, nayo wengine inawaletea mzio.

Sauda22: Ukanda na lenzi si vitamsumbua? Za sumaku je?

Mwanaidi_M: Za sumaku sijawahi. Zuhura, hiyo nyonyo unapaka kwenye mzizi au kwenye ncha?

Zuhura_T: Mzizi, kidogo sana, kwa brashi safi. Isiingie jichoni.

Neema_K: Nimempigia fundi nikamuuliza kuhusu kunijaribu kwanza, anasema hajawahi kumfanyia mteja yeyote. Sasa sijui nilipe au niache.