Vipepeo wa masika shuleni kwetu: nawatambuaje bila kuwakamata?

Mwalimu wa Njoro
Habari za jioni wapendwa. Nafundisha darasa la tano huku Njoro, na tangu mvua ishike, ua wa lantana nyuma ya madarasa umejaa vipepeo. Wanafunzi wameanzisha daftari la kuandika kila wanachokiona. Wakiniuliza "mwalimu, huyu ni yupi?" sina la kujibu ila rangi yake.

Juzi kijana mmoja alimnasa mmoja kwa kofia. Alipofumbua kiganja, vidole vilikuwa vimepakaa unga wa rangi ya chungwa, na kipande cha bawa kimebaki kinaonyesha ng'ambo kama nailoni. Mtoto alilia. Sitaki tena wakamatwe.

Isitoshe, kuna ubishi darasani. Tunao wengi wa chungwa wenye ncha nyeusi yenye madoa meupe. Wengine wanashikilia kwamba wote ni aina moja, wengine wanasema ni mbili. Na jana ameonekana wa chungwa tupu, ncha haina weusi kabisa. Nina simu ya kawaida na saa moja kila Ijumaa. Nisaidieni.

Mwongozaji, Kakamega
Mwalimu, shikamoo. Mimi hutembeza wageni msituni Kakamega, ambako zaidi ya aina 400 zimerekodiwa, kwa hiyo ubishi wa wanafunzi wako naufahamu vizuri. Ule unga ni magamba madogo sana, ndiyo yanayobeba rangi. Yakipukutika hayaoti tena. Umefanya vyema kukataza.

Wanaosema ni aina mbili huenda wana haki. Waambie waangalie bawa la nyuma, wala wasihangaike na lile la mbele. Wa kwanza, kwa jina la kisayansi Danaus chrysippus, ana madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma, na dume huongeza la nne. Wa pili, jike la Hypolimnas misippus, ana doa moja tu, karibu na ukingo wa juu. Kiwavi wa Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu yake hubaki mwilini hata akishakuwa kipepeo. Ndege akimwonja mmoja, hamrudii mwingine. Jike la Hypolimnas halina sumu hiyo, limevaa tu sare ya mwenzake likapona. Dume lake hulidhanii kabisa: ni jeusi, lina madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Yule wa chungwa tupu anaweza kuwa Danaus yuleyule. Afrika Mashariki ana umbo lisilo na ncha nyeusi. Lakini Hypolimnas naye huiga hata hilo, kwa hiyo hesabuni madoa kwanza.

Mama Limau, Kisumu
Mwalimu, kama kuna mlimau au mchungwa karibu, anzeni na viwavi, maana hawaruki. Kwangu kipepeo aitwaye Papilio demodocus hutaga humo kila masika. Kiwavi mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondoka kwenye jani. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Wajukuu wangu hawachoki kumtazama.

Mtembezi wa Menengai
Nendeni mvua ikikatika na jua likianza kuchoma. Vipepeo hutandaza mabawa kuota jua na hawaruki ovyo, hapo simu yako itatosha. Mpige picha mabawa yakiwa wazi, kisha umsubiri ayafumbe upate upande wa chini. Bila picha hiyo utakisia tu. Muwe waangalifu na rangi pia: kipepeo Precis octavia anayezaliwa wakati wa mvua huwa mwekundu wa chungwa, na anayezaliwa wakati wa kiangazi huwa wa buluu. Mtu akiangalia rangi tu ataandika aina mbili.

Kuhusu majina, mimi ningewaacha watoto wabuni ya Kiswahili, mradi la kisayansi liandikwe kando yake.

Mwongozaji, Kakamega
Hapo kwenye majina naomba nitofautiane nawe, ndugu. Waanze kwa kuwauliza wazee wa nyumbani. Huenda lugha ya bibi tayari ina jina, na likipotea hatulipati tena.

Mwalimu wa Njoro
Marahaba, na asanteni sana. Leo Ijumaa tumesimama kando ya ua dakika arobaini, hakuna aliyenyoosha mkono. Kati ya wale wa chungwa tuliofanikiwa kuhesabu, saba walikuwa na madoa matatu au manne. Mmoja alikuwa na doa moja. Msichana aliyemwona aliomba tuhesabu tena, tukahesabu, kweli moja. Wote wametumwa kuuliza majina nyumbani.

Mama Limau, tumepata kiwavi wa kijani, yuko kwenye chupa pana yenye wavu. Majani ya jana yamenyauka na hayagusi. Nimfanyeje?

Mama Limau, Kisumu
Mpe mabichi kila asubuhi, uyapanguse maji kwanza, na uondoe kinyesi ili chupa isiote ukungu. Msimamishie kijiti ndani. Siku akiacha kula na kuanza kuzurura, atapanda hapo, ajifunge kwa uzi kiunoni na kugeuka pupa. Tangu hapo msiisogeze chupa. Wangu hukaa hivyo kama wiki mbili.