Mrejesho: Tingatinga kwa watoto bila rangi ya mafuta

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuwafundisha watoto 12 uchoraji wa Tingatinga (mtindo wa Tanzania wa kuchora wanyama kwa rangi kali) katika chumba kidogo, bila rangi ya mafuta aliyoitumia mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, kwa kuwa harufu yake ni kali. Nilifuata ushauri wa kuchanganya rangi ya maji na gundi nyeupe: tulipaka mandharinyuma kwanza juu ya vipande vya boksi, tukaviacha hadi kesho yake, kisha madoa ya chui yakapigwa kwa vijiti vya pamba, na darasa zima likanyamaza, jambo nisilolizoea. Hata hivyo, vipande vitano vilijikunja kama kaukau. Tulipovipaka upande wa pili na kuvikandamiza kwa vitabu, vitatu vilinyooka. Viwili vimeharibika kabisa.