Tupeane uzoefu: rafiki anapoiba mchezoni, wewe hufanyaje?

Mwanzisha mada, Kirumba

Salaam kwenu nyote. Kila Jumamosi baada ya saa kumi jioni, mimi na wenzangu wanne hukutana chini ya mwembe, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kucheza bao la kete, na tumefanya hivyo kwa miaka tisa bila kukosana. Wiki mbili zilizopita nilimwona mmoja wetu, ambaye ndiye aliyesimamia harusi yangu, akidondosha kete mbili katika shimo moja alipokuwa akisambaza mtaji mrefu, yaani mzunguko wa kete nyingi, na kwa sababu hiyo kete yake ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete badala ya kulala, yaani kumaliza zamu, kwenye shimo tupu lililofuata. Akaendelea, akala, akashinda. Nilinyamaza, na tangu siku hiyo sichezi tena kwa raha, kwa kuwa macho yangu yamehama ubaoni na kuhamia vidoleni mwake.

Siulizi kama ni kosa, kwani hilo tunalijua. Nawauliza waliowahi kukutwa na jambo hili walisema nini, walisema lini, na mbele ya nani. Naomba pia tuiache kando michezo ya fedha, maana ina kesi zake. Mimi nazungumzia watu wanaochezea soda na majigambo ya wiki nzima.

Mjukuu wa Nansio

Ndugu yangu, kwanza tutenganishe wizi wa aina mbili, kwa sababu dawa zake hazifanani. Bao lina kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji, na anayebana kete kiganjani hugunduliwa kwa kuhesabu, kwa kuwa mkizikusanya zote mtapata 63. Anayedondosha mbili katika shimo moja, au anayeruka shimo, hapunguzi kitu. Mtahesabu mpaka jua lizame ziwani na bado mtapata 64 zile zile. Huyo hukamatwa mkono wake ukiwa bado hewani, au hakamatwi kabisa.

Nilijifunza bao kwa babu yangu kule Ukerewe. Alikuwa na mpinzani wa rika lake, mzee ambaye sisi wajukuu tulimwamkia shikamoo na kumpokea fimbo kila alipofika. Kwa kete nne au tano alisambaza kwa utulivu, kila moja ikisikika inapogonga ubao, lakini zilipofika tisa na kuendelea, mkono wake ulikwenda mbio kama wa mtu anayepanda ulezi huku mvua inanukia. Hakuna kijana ambaye angethubutu kumwambia mzee yule kwamba ameiba. Siku moja babu alifunika shimo lililofuata kwa kiganja chake, akasema, "Mzee mwenzangu, macho yangu siku hizi yananiangusha. Zilikuwa kumi na moja. Hebu nisambazie upya polepole, nami nizione." Alikuwa amezihesabu kwa macho kabla hazijainuliwa. Yule mzee akazirudisha, akasambaza moja moja, na ya mwisho ikalala. Hakuna aliyecheka. Babu akachukua zamu yake na kuendelea kana kwamba hapakuwa na lolote, na wazee wale walicheza pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Wewe umekwishachelewa kwa mchezo ule, usiufufue. Subiri mtaji mwingine mrefu.

Karani wa Kambi ya Dagaa

Mimi nitasimulia la karata. Wenyeji wa ziwani mnafahamu kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hivyo mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika, na kambi nzima hubaki na usiku mrefu wa kuzungumza na kucheza. Katika kambi niliyokuwa naandika hesabu, tulicheza turufu wawili kwa wawili. Ree, yaani karata ya A, ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne (mfalme) 4, wa tatu 3, na wa pili 2. Jumla ya karata zote ni 120, na upande unaopata 61 ndio washindi.

Usiku mmoja, baada ya mkono uliochezwa kwa kelele nyingi na taa moja iliyokuwa ikififia, kila upande ulihesabu pointi zake na kila upande ukashangilia. Sisi tulikuwa na 67, wenzetu walikuwa na 64. Ilichukua muda kabla mtu kutambua kwamba pande mbili haziwezi kushinda mkono mmoja. Nilijumlisha, nikapata 131, na mtu aliyezoea kupatanisha daftari la kambi na ndoo za dagaa haulizi zile 11 za ziada zimetoka wapi. Tulizigeuza karata zote na kukuta ree mbili za uru, ilhali mahali pa tatu ya shupaza palikuwa patupu. Mtu alikuwa amechomeka ree kutoka pakiti nyingine yenye mgongo uleule.

Mwenye kosa alikuwa mwenzangu wa upande mmoja, na hapo ndipo ninapotofautiana na mchangiaji wa Ukerewe. Kudondosha kete mbili huweza kusingiziwa macho au vidole, lakini ree haitembei yenyewe kutoka pakiti hadi pakiti. Nilimwambia palepale, mbele ya wote, kwamba mkono huo tumeupoteza. Alininunia mpaka mwezi ulipopungua, kisha tukaingia mtumbwini tukavua. Baada ya hapo tulikuwa tunabadilisha wenza kila baada ya mkono, na hata mchezo wa kukonyezana ukafa, kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kutunga ishara na mtu ambaye dakika chache baadaye angekuwa adui yake.

Abiria wa Kigongo

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, tuliokuwa tukivuka mara kwa mara kwenda Sengerema tulisubiri kivuko kwa kucheza drafti ya vizibo vya soda, wengine wakiviweka kifudifudi na wengine chali. Honi ilipolia wote tuligeuza shingo, na tuliporudisha macho kizibo kimoja kilikuwa kimejigeuza na kuhamia jeshi lingine. Sikumwambia kitu yule jamaa. Safari iliyofuata nilikuja na vizibo vya rangi mbili.

Shemeji wa Igoma

Naandika upande wa pili, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naiba. Katika ludo na wadogo wa mke wangu sikuwa narusha dadu, nilikuwa naitelezesha na sita yake juu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa mgeni katika familia, na sikutaka kuonekana mjinga mbele ya watoto wa sekondari. Shemeji yangu mdogo aliniletea kikombe cha plastiki, akaniambia kwa adabu, "Shemeji, hapa kwetu tunatikisa." Niliona aibu, lakini aibu ile ilikuwa yangu na yake tu, na bado ninamshukuru.

Mwanzisha mada, Kirumba

Nimerudi kutoa mrejesho. Jumamosi sikungoja mtaji mrefu kama nilivyoshauriwa. Nilipendekeza mapema kwamba sote, nikiwamo mimi, tusambaze kete kiganja kikiwa wazi na kila kete isikike. Rafiki yangu alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Sawa, bwana harusi," na tukaanza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba ubaoni.

Tulicheza mara tatu, na sikuondoa macho yangu kwenye kiganja chake hata mara moja. Alisambaza moja moja, taratibu, karibu kwa dharau, akanishinda mara mbili. Nakiri kwamba jambo hilo limeniudhi kuliko zile kete mbili. Soda nimemnunulia mimi, na Jumamosi ijayo amesema atakuja na kete zake mwenyewe za komwe, ambazo anadai zinasikika vizuri zaidi kuliko zangu.