Tamasha la filamu fupi za Wamarekani Weusi hapa Mbeya: fedha za ufadhili wa wanafunzi zitatoka wapi?

Mwalimu wa Uyole:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Sisi ni walimu watano, pamoja na vijana wachache wanaorekodi harusi na mahafali hapa jijini, na tumekusudia kuandaa tamasha la siku moja la filamu fupi zinazohusu utamaduni wa Wamarekani Weusi, zikifuatiwa na filamu fupi za vijana wetu wenyewe. Mapato yangewasaidia wanafunzi wanaochaguliwa kuingia kidato cha tano kisha wakashindwa kuripoti. Wazo tulilipata kwa mwenzetu aliyesoma Marekani, ambako jumuiya za mitaa, makanisa na vyama vya wahitimu huandaa matamasha ya namna hii na kuyafungamanisha na ufadhili wa masomo. Tumepanga Februari, kwa kuwa ndio mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu Weusi. Ninachoomba kujua ni kama kiingilio cha shilingi 3,000 kinaweza kujenga mfuko wa maana, na kama mkazi wa Mwanjelwa ataacha mpira aje kutazama filamu za watu wa mbali kwa lugha asiyoielewa.

Mama Kihesa:

Kamwene, mwalimu. Nakujibu kwa yaliyotupata sisi hapa Iringa tulipoonyesha filamu katika ukumbi mmoja wa kukodi. Walikuja watu 140 kwa kiingilio cha shilingi 2,000, yaani 280,000. Ukumbi ulichukua 100,000, projekta na spika 80,000, jenereta na mafuta 60,000 (umeme ulikatika filamu ya pili ilipoanza, kwa hiyo hatukujuta), kibali na matangazo 30,000. Zilibaki shilingi 10,000, ambazo hazinunui hata godoro la mwanafunzi. Fedha zilizosomesha watoto hazikupita mlangoni kabisa. Mfanyabiashara mmoja wa mbao kutoka Mafinga, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma akiwa amejifunika blanketi, alisimama mwishoni akauliza mtoto mmoja anahitaji nini hasa. Tukamsomea orodha ya godoro, shuka, ndoo, sare, viatu na nauli, naye akachukua watoto wawili papo hapo. Baada yake wakasimama wengine wanne. Kwa hiyo kiingilio kiacheni kilipie onyesho, na mfuko uwe na akaunti yake na watia saini wake, wala fedha zake zisiguswe kulipia spika. Orodha ya mahitaji iwe mkononi mwa mtangazaji, kwa sababu ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022 na wengi wanadhani hakuna kilichobaki cha kulipia.

Kuhusu Februari, nakuomba uifikirie upya. Mwanahistoria Mmarekani Mweusi, Carter G. Woodson, alipoanzisha juma la historia ya watu Weusi mwaka 1926 aliuchagua mwezi huo kwa sababu Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa, na Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, walikuwa wakikumbukwa siku zao za kuzaliwa, na hizo zilikuwa sababu za kwao. Huku kwetu Februari ni mvua, ni palizi, na mifuko bado haijapona ada za Januari. Wamarekani Weusi wana siku nyingine kubwa, tarehe 19 Juni, inayokumbuka siku ya mwaka 1865 ambapo watumwa wa Texas walitangaziwa huko Galveston kuwa wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Lincoln. Juni ni baridi kali, lakini ni kikavu, mahindi yameanza kuingia ghalani, na wanafunzi wa kidato cha tano wanakuwa karibu kuripoti.

Fundi wa Projekta, Soweto:

Mwalimu, shikamoo. Lugha isikutishe. Watu wa huku wamelelewa na mabanda ya video, ambako dijei huketi na kipaza sauti akitafsiri filamu nzima, akiongeza chumvi pale mhusika anapokaa kimya. Tafuteni mmoja wao aliye hodari, mpeni filamu wiki mbili kabla, na wekeaneni naye sharti kwamba safari hii asimpachike mhusika maneno yake mwenyewe.

Na filamu za kale zisizo na sauti ndizo zitakazomfaa zaidi. Ipo moja iliyopigwa Chicago mwaka 1898, haitimizi dakika moja: mwanamume na mwanamke Weusi, wamevaa nadhifu, wanabusiana, wanaachana, wanacheka, wanavutana mikono na kurudiana tena. Ni busu la heshima, wazazi wasiwe na hofu. Ifungueni shughuli kwa hiyo, kisha irudieni, maana mara ya kwanza nusu ya ukumbi itakuwa bado inatafuta viti.

Ile ya mwongozaji filamu Mmarekani Mweusi, Oscar Micheaux, ya mwaka 1920, Within Our Gates, si fupi, ila sehemu zake za mwanzo zinawahusu ninyi moja kwa moja: mwalimu wa kike anatoka Kusini kwenda Boston kutafuta dola 5,000 ili shule ya watoto Weusi isifungwe. Micheaux mwenyewe alikuwa mkulima, na filamu yake ya kwanza aliigharimia kwa kuuza hisa kwa wakulima wa maeneo ya Sioux City. Sehemu za mwisho zina mauaji ya kutundikwa watu, hivyo zisionyeshwe mbele ya watoto.

Jambo la kibali msilichukulie kirahisi. Filamu inayoonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, nayo huipangia daraja la umri. Anzeni kwa afisa utamaduni wa jiji. Filamu mpya mkiikuta mtandaoni msidhani ni ya bure. Mwandikieni mwenye nayo, mwelezeni kwamba ni kwa ajili ya ufadhili wa masomo, na jibu lake mlichape mlihifadhi.

Mdadisi wa Tukuyu:

Naheshimu nia yenu, mwalimu, lakini kwa nini Wamarekani? Rungwe peke yake ina ngoma, hadithi na wazee wa kutosha filamu mia moja, na hakuna anayewarekodi.

Mzee wa Gangilonga:

Mdadisi, swali lako ni la haki, na filamu za vijana ndizo zitakazolijibu. Lakini wale si wageni kwetu kama unavyodhani. Mwanaharakati wao Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya utamaduni ya Wamarekani Weusi, mwaka 1966, misingi yake saba aliipa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Hilo la kujichagulia kila mara hunifanya nitabasamu, maana hapa tungesema kujiamulia, lakini wao wamelifanya lao. Robert Moses, Mmarekani Mweusi aliyehatarisha maisha yake katika jimbo la Mississippi akiwaandikisha watu Weusi wapige kura, alikuja akafundisha hisabati Same katika miaka ya sabini. Waambieni vijana watengeneze filamu za dakika tano, kila mmoja achague neno moja kati ya yale saba na alitafute nyumbani kwake. Anayetoka Tukuyu atalikuta ujima katika shamba la chai la mjomba wake.

Mwalimu wa Uyole:

Ahsanteni sana, ndaga, ndugu wa Tukuyu, nawe mzee wangu, shikamoo. Jana jioni tumekaa tukakubaliana: tarehe ni 19 Juni, kiingilio kimeshuka hadi shilingi 2,000, na mfuko utafunguliwa akaunti yake, watia saini wakiwa mzazi mmoja, mwalimu mmoja na kiongozi mmoja wa dini. Orodha ya mtoto mmoja tumeanza kuipigia hesabu dukani, na godoro ndilo linaloongoza kwa gharama. Mdadisi, tunakuomba uwe miongoni mwa waamuzi wa filamu za vijana. Fundi, projekta yako tunaiomba kwa siku hiyo. Jenereta tutakuja nayo sisi.